Tuijue Komoro: Ardhi, Uchumi na Utawala wa Ndugu Zetu wa Visiwani



Ndugu msomaji, somo letu la toleo hili lilianzia kwenye mabishano. Jioni moja baada ya sala ya alasiri hapa Mutakura, tulikuwa tumekaa wanafunzi saba au wanane tukizungumza habari za nchi yetu. Mmoja wetu akasema: "Laiti Warundi wote tungekuwa dini moja, vita visingetukuta." Ndugu mwingine, anayesoma sayansi ya siasa, akamjibu kwa neno moja tu: "Komoro." Tukanyamaza. Hatukunyamaza kwa kukubali, bali kwa sababu wengi wetu hatukujua chochote kuhusu Komoro zaidi ya kwamba ni visiwa na watu wake ni Waislamu.

Basi tumeona vema tuisome nchi hiyo pamoja. Tutaanza na ardhi, tuje kwa watu, kisha uchumi, kisha utawala, na mwisho tulirudie lile jibu la ndugu yetu tuone lina uzito gani.

1. Mahali ilipo na ardhi yake

Komoro ni visiwa vya Bahari ya Hindi, mwanzoni mwa mlango wa bahari unaoitenganisha Msumbiji na Madagaska. Kutoka pwani ya Afrika ni kama kilomita 300. Jina lake linatokana na Kiarabu, na kwa maelezo ya wengi ni lile neno qamar, yaani mwezi.

Visiwa vikubwa ni vinne. Kaskazini-magharibi kuna Ngazija, ambacho ni kikubwa kuliko vyote na ndiko uliko mji mkuu, Moroni. Kisha kuna Mwali, kidogo kuliko vyote, mji wake Fomboni. Kuna Nzwani, ambao Wafaransa huuita Anjouan, mji wake Mutsamudu. Cha nne ni Maore, au Mayotte, ambacho kiko chini ya Ufaransa; habari zake tutazifikia mbele. Visiwa vitatu vinavyotawaliwa na Moroni vina jumla ya kilomita za mraba 1,862 hivi. Burundi yetu, tunayoiita ndogo, ina kilomita za mraba 27,834. Kwa hiyo Burundi moja ingemeza Komoro karibu 15.

Ardhi yote imetokana na volkano. Ngazija kuna mlima Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, na volkano yake ingali hai. Uliporipuka mwezi wa Novemba 2005 majivu yaliangukia vijiji vingi na kuharibu maji ya kunywa. Hapa pana jambo la kuzingatia. Kisiwa cha Ngazija hupata mvua nyingi, lakini hakina mto wa kudumu hata mmoja, kwa sababu mawe yake ya volkano yana matundu na maji hupenya yakazama chini. Watu wa vijijini kwa karne nyingi wamekinga mvua kwenye matangi na visima vya kujengea. Majivu yakiingia humo, kijiji kizima hakina maji. Sisi ambao hubeba bido kutafuta maji bomba likikauka tunaweza kuielewa hali hiyo bila kufafanuliwa sana.

Nzwani hali yake ni tofauti. Huko mito ilikuwepo mingi, ikishuka kutoka milima ya katikati, lakini sehemu kubwa ya mito hiyo sasa hukauka kipindi cha kiangazi. Sababu kubwa ni kukatwa kwa misitu: watu ni wengi, zaidi ya 700 kwa kila kilomita ya mraba, na kila mmoja anahitaji shamba na kuni. Mwali, kwa upande wake, bado una msitu na bahari iliyotunzwa. Mwaka 2001 palianzishwa hifadhi ya bahari huko, na kasa hupanda mchanga wake kutaga mayai.

Bahari ya Komoro ina sifa nyingine ambayo wanafunzi wa biolojia wataipenda. Kuna samaki ambaye wenyeji humwita gombesa. Wanasayansi walidhani jamii yake ilitoweka duniani tangu mamilioni ya miaka, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Nzwani mwaka 1952, na ikajulikana kwamba wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote.

2. Watu, lugha na dini

Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu 758,316. Karibu wote ni Waislamu wa Sunni, wa madhehebu ya Imamu Shafii, kama walivyo Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki na wengi wetu hapa Bujumbura.

Lugha yao ni Kikomoro, nayo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Ina lahaja nne, moja kwa kila kisiwa. Visiwa wao huviita masiwa, na umoja huita udzima. Mkomoro akikushukuru atakwambia "marahaba". Kwetu neno hilo ni jibu la shikamoo, kwa hiyo usishangae ukidhani amekupokea salamu ambayo hukuitoa. Pamoja na Kikomoro, Kifaransa na Kiarabu ni lugha rasmi. Mwanafunzi wa Burundi anayejua Kiswahili na Kifaransa akishuka Moroni hatapotea.

Katika elimu ya dini, visiwa hivi vimewanufaisha watu wengi wa pande zetu. Sheikh Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa kadhi mashuhuri wa Zanzibar, alizaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki mwaka 1925. Mwanawe, Habib Omar bin Sumeit, naye alizaliwa Ngazija, akawa kadhi Zanzibar, na mwisho wa umri wake akarudi kwao. Wanafunzi wa mashekhe hawa walienea mwambao mzima. Anayetafuta mizizi ya elimu ya Kishafii katika Afrika Mashariki hawezi kuikwepa Komoro.

Mila mbili za Ngazija zinastahili kutajwa. Ya kwanza ni kwamba nyumba na ardhi ya ukoo hurithiwa kupitia kwa wanawake, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Wenyeji huita mali hiyo manyahuli, na maulamaa wamejadiliana kwa muda mrefu namna inavyosimama pembeni ya sheria ya mirathi. Ya pili ni anda, yaani harusi kubwa. Mwanamume asiyeifanya, hata awe msomi au tajiri, hahesabiwi miongoni mwa wakubwa wenye kauli mjini. Gharama yake ni nzito sana: wengine huweka akiba miaka 20 wakiwa Ufaransa, kisha hurudi kuimaliza kwa siku chache za karamu, dhahabu na ngoma. Wapo wanaoitetea kwa kuwa huzungusha mali na kuunganisha koo. Wapo wanaosema fedha hiyo ingejenga shule. Mjadala huo haujaisha.

3. Uchumi

Komoro huuza nje mazao matatu: vanila, karafuu na langilangi. Langilangi ni ua la manjano ambalo hupikwa kwa mvuke kutoa mafuta ya manukato, na Komoro imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Manukato ya bei ghali yanayouzwa Paris huenda yalianza kama maua yaliyochumwa alfajiri na mama mmoja wa Nzwani. Lakini kupika langilangi kunataka kuni nyingi sana. Hivyo zao linaloleta fedha ndilo pia linalosaidia kumaliza msitu na kukausha mito tuliyoitaja.

Vanila inataka mkono wa mtu kwa kila ua. Asili yake ni Mexico, na katika visiwa vyetu hakuna mdudu wa kuichavusha. Mwaka 1841 kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion aitwaye Edmond Albius, akiwa na miaka 12 hivi, aligundua namna ya kuchavusha ua hilo kwa kijiti na kidole. Hadi leo mkulima wa Komoro hufanya vilevile. Ua hufunguka asubuhi moja tu; usipoliwahi limekwenda. Baada ya hapo husubiri kama miezi tisa mapodo yakomae, na miezi mingine ya kuyakausha.

Pamoja na kazi yote hiyo, bei haipangwi na mkulima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya vanila duniani ilipanda kupita kiasi, kisha kufikia 2005 ikaporomoka vibaya. Aliyekopa akitegemea bei ya juu alibaki na deni. Sisi watoto wa wakulima wa kahawa tunalijua jambo hili. Kayanza na Ngozi hawapangi bei ya kahawa, na Nzwani hawapangi bei ya karafuu. Hata katika visiwa vya Karibi hali ni hiyo: Grenada ilitegemea kungumanga, na kimbunga Ivan cha mwaka 2004 kiliing'oa miti mingi kwa siku moja. Kungumanga huchukua miaka mingi kuzaa, kwa hiyo hasara ya siku moja ikawa ya miaka. Komoro nayo ilipigwa na kimbunga Kenneth mwezi wa Aprili 2019.

Chakula kingi hutoka nje, hasa mchele. Uagizaji wa mchele wa kawaida umeshikwa na shirika la serikali, ONICOR, ili bei isiwapande watu. Ng'ombe na vyakula vingine huja kwa meli na majahazi kutoka Tanzania. Wafanyabiashara wa Komoro ni watu wa kawaida sana Dar es Salaam.

Nguzo kubwa ya uchumi, hata hivyo, si shamba. Ni fedha zinazotumwa na Wakomoro walioko ng'ambo, hasa Ufaransa, na hasa jiji la Marseille. Fedha hizo zinazidi kwa mbali thamani ya vanila, karafuu na langilangi vikiwekwa pamoja. Hizo ndizo zinazojenga nyumba, kulipia shule na kugharimia anda.

Sarafu ni faranga ya Komoro, iliyofungwa na yuro kwa kiwango kisichobadilika: yuro 1 ni faranga 491.96775. Faida yake ni kwamba fedha haishuki thamani ovyo. Hasara yake ni kwamba serikali haina uhuru mkubwa wa kuiendesha. Wanafunzi wa uchumi wanaoitazama faranga yetu ya Burundi wakae chini wapime njia hizi mbili.

Kimataifa, Komoro ni mwanachama wa Umoja wa Afrika, Umoja wa Nchi za Kiarabu tangu 1993, COMESA pamoja na sisi, na SADC. Mwezi wa Agosti 2024 ilijiunga rasmi na Shirika la Biashara Duniani.

4. Safari ya utawala

Zamani kila kisiwa kilikuwa na masultani wake, Ngazija peke yake wakiwa kadhaa kwa wakati mmoja, wakigombana. Ufaransa iliingia kupitia mianya hiyo. Ilichukua Maore mwaka 1841, na visiwa vingine vitatu vikawa chini ya himaya yake mwaka 1886.

Tarehe 22 Desemba 1974 ilipigwa kura ya uhuru. Kwa visiwa vyote kwa pamoja, zaidi ya asilimia 90 walisema ndiyo, lakini Maore wengi walisema hapana. Tarehe 6 Julai 1975 Ahmed Abdallah alitangaza uhuru. Sisi tulipata wetu tarehe 1 Julai 1962. Wiki ileile ya mwaka.

Uhuru haukudumu mwezi mmoja bila msukosuko. Tarehe 3 Agosti 1975 Abdallah alipinduliwa, na baadaye Ali Soilih akashika nchi. Mwezi wa Mei 1978 Soilih naye alipinduliwa na mamluki wakiongozwa na Mfaransa Bob Denard, akauawa siku chache baadaye. Abdallah alirudishwa, nchi ikaitwa Jamhuri ya Shirikisho ya Kiislamu ya Komoro, na mamluki wakabaki nyuma ya kiti chake hadi alipouawa Novemba 1989. Mwaka 1995 Denard alirudi tena na kumwondoa Rais Djohar, kabla ya jeshi la Ufaransa kumkamata. Ukihesabu mapinduzi na majaribio yote ya mapinduzi tangu uhuru, ni kama 20.

Mwaka 1997 mambo yalifika mbali zaidi. Nzwani ilijitangaza kujitenga, Mwali ikafuata. Malalamiko yao yalikuwa kwamba Moroni inakula peke yake: ofisi, mishahara, barabara na misaada vyote viliishia Ngazija. Watu wa kitabu kimoja, kibla kimoja na lugha moja walielekezeana bunduki.

Suluhisho lilipatikana kwa mazungumzo. Tarehe 17 Februari 2001 yalisainiwa Makubaliano ya Fomboni, na tarehe 23 Desemba 2001 wananchi wakapitisha katiba iliyounda Muungano wa Komoro. Kiini chake kilikuwa mambo mawili. Kwanza, kila kisiwa kiwe na madaraka yake ya ndani. Pili, urais uzunguke: kipindi kimoja Ngazija, kingine Nzwani, kingine Mwali. Ndivyo ilivyokuwa. Azali Assoumani wa Ngazija alifuatwa na Ahmed Abdallah Sambi wa Nzwani mwaka 2006, kisha Ikililou Dhoinine wa Mwali mwaka 2011, kisha Azali tena mwaka 2016.

Njiani palikuwa na kikwazo. Mohamed Bacar aling'ang'ania uongozi wa Nzwani, na mwezi wa Machi 2008 majeshi ya Komoro pamoja na ya Umoja wa Afrika, wakiwemo askari wa Tanzania na Sudan, yalitua kisiwani na kumwondoa. Warundi wanakumbuka kwamba Umoja wa Afrika ulituma kikosi chake cha kwanza cha kulinda amani hapa kwetu mwaka 2003.

Tarehe 30 Julai 2018 kura ya maoni ilibadilisha katiba. Rais sasa anaweza kuchaguliwa vipindi viwili mfululizo vya miaka mitano kabla zamu haijahamia kisiwa kingine. Nafasi za makamu wa rais zilifutwa, na Uislamu ukatajwa kuwa dini ya dola. Wapinzani, hasa wa Nzwani waliokuwa wakingojea zamu yao mwaka 2021, walilalamika kwamba ahadi ya Fomboni imevunjwa. Azali alichaguliwa tena mwaka 2019 na 2024, na kati ya Februari 2023 na Februari 2024 alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha mwezi wa Novemba 2022 katika kesi ya uuzaji wa pasipoti za Komoro.

Leo rais ndiye mkuu wa nchi na wa serikali, kila kisiwa kina gavana aliyechaguliwa, na Bunge la Muungano lina chumba kimoja.

5. Kisiwa cha nne

Bendera ya Komoro ina mwezi mwandamo na nyota nne, wala si tatu. Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro mwezi wa Novemba 1975 kama nchi ya visiwa vinne. Lakini Maore ilibaki na Ufaransa, na tangu Machi 2011 ni wilaya kamili ya Ufaransa.

Kutoka Nzwani hadi Maore ni kama kilomita 70. Zamani watu walivuka kwenda harusini na kurudi. Mwaka 1995 Ufaransa iliweka viza. Tangu hapo watu huvuka usiku kwa boti ndogo ziitwazo kwasakwasa, zimejaa kupita kiasi, na maelfu wamekufa maji: mama wajawazito, watoto, wagonjwa waliokuwa wakitafuta hospitali.

Ndugu msomaji, usidhani jambo hili ni la mbali. Miongoni mwa wanaofika Maore kuomba hifadhi wamo pia watu wa Maziwa Makuu: Wakongo, Wanyarwanda na Warundi. Ukisikia kijana wa mtaani kwenu anaambiwa kwamba kuna njia nyepesi ya kuingia Ufaransa kupitia visiwani, mweleze habari ya kilomita 70 hizo.

6. Tunajifunza nini

Turudi kwenye baraza letu. Ndugu yetu wa kwanza alidhani kwamba dini moja ingetosha kutuepusha na vita. Komoro wana dini moja, madhehebu moja na lugha moja, na bado walifika kutengana. Wala sisi Warundi tusisahau kwamba tuna lugha moja, Kirundi, milima yote, na haikutuzuia kuuana.

Je, maana yake dini haina faida? Hapana. Dini ndiyo inayofundisha kwamba amana irudishwe kwa mwenyewe na kwamba hukumu iwe ya uadilifu hata dhidi ya jamaa. Kilichovunjika Komoro ni uadilifu huo: mgawo wa ofisi, wa barabara, wa hospitali. Watu wa Nzwani hawakulalamikia imani ya Ngazija. Walilalamikia sahani.

Tazama pia kwamba nchi hizi mbili zilitafuta dawa ya aina moja kwa wakati mmoja. Makubaliano yetu ya Arusha yalisainiwa tarehe 28 Agosti 2000, ya Fomboni miezi sita baadaye. Sisi tuligawana kwa makabila, wao kwa visiwa. Sisi tulipiga kura ya kubadilisha katiba Mei 2018, wao Julai 2018. Makala hii haikuandikwa kumhukumu kiongozi yeyote. Tunachosema ni kwamba zamu na mgawo ni ahadi, na ahadi huishi kwa muda ule tu ambao wenye nguvu wanaiheshimu na wasio na nguvu wanaikumbuka. Kukumbuka ni kazi ya wasomi.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi

1. Kati ya zamu ya visiwa na mgawo wa makabila, upi una hatari zaidi ya kudumisha mgawanyiko? Toa sababu.
2. Langilangi huleta fedha na hukausha mito. Taja zao au kazi ya Burundi yenye sura mbili kama hizo, na upendekeze la kufanya.
3. Fedha za walioko ng'ambo hujenga nyumba Komoro. Je, nchi inaweza kuendelea kwa fedha hizo peke yake?
4. Linganisha anda na gharama za harusi zetu Bujumbura. Ni lipi la kubaki na lipi la kuachwa?

Wabillahi tawfiq.